Mtoto Mwenye Sindromu ya Down na Darasa la Jirani

Bukoba hunyesha. Mji huo wa kando ya Ziwa Victoria hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, karibu mara mbili ya Dar es Salaam, na mwalimu yeyote aliyefundisha huko chini ya bati lisilo na dari anajua mambo yanavyokwenda. Matone ya kwanza yakianguka anapandisha sauti, baada ya dakika chache anapiga kelele, mwisho anageukia ubao na kuandika huku akisubiri ipungue. Wanafunzi wengi watanakili na somo litaendelea. Mtoto mwenye sindromu ya Down, ambaye mara nyingi hasikii vizuri hata siku ya jua, hapo ameshatolewa darasani bila mtu kumfukuza. Nimeanza na bati kwa makusudi. Kwenye vikao vya halmashauri na hotuba za uzinduzi, shule jumuishi imekuwa ni shule yenye njia ya mteremko kwa ajili ya kiti mwendo na choo chenye mlango mpana. Vitu hivyo ni haki ya wanaovihitaji, na bado kuna shule nyingi hazinavyo. Lakini mtoto mwenye sindromu ya Down kwa kawaida anatembea mwenyewe, anapanda ngazi, na kengele ya uji ikilia anakimbia kama wenzake. Kinachomkwamisha ni sauti isiyomfikia, maandishi asiyoyaona sawasawa, somo linalokwenda mbio kuliko kumbukumbu yake, na mwalimu mmoja aliyezidiwa na idadi. Kwa mtoto huyu, ndani ya Bukoba na Muleba mkoani Kagera, naona fedha na jitihada zielekezwe kwenye shule ya msingi iliyo jirani na kwao, irekebishwe katika mambo hayo, kuliko kusubiri shule maalumu ya bweni ijengwe makao makuu ya wilaya.

Hali yenyewe haiambukizi, si laana ya ukoo, wala haitokani na kitu alichokula mama akiwa mjamzito. Chembe hai za mwili wa binadamu huwa na kromosomu 46. Za mtoto huyu kwa kawaida zina 47, kwa sababu kromosomu namba 21 imekuja nakala tatu badala ya mbili. Daktari Mwingereza John Langdon Down aliieleza hali hiyo mwaka 1866, ila sababu yake ilijulikana mwaka 1959 tu, kupitia kazi ya Jérôme Lejeune na wenzake jijini Paris, akiwemo Marthe Gautier. Umri wa mama ukisogea uwezekano huongezeka, lakini wengi wa watoto hawa huzaliwa na mama vijana, kwa kuwa hao ndio wanaozaa zaidi. Umoja wa Mataifa hukadiria mtoto 1 kati ya kila 1,000 hadi 1,100 wanaozaliwa hai. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu karibu watu milioni 3 mkoani Kagera. Kwa kiwango cha uzazi cha nchi yetu, mkoa wa ukubwa huo hupata watoto wapatao laki moja kwa mwaka. Ni hesabu ya kukadiria, lakini inatupa picha: kila mwaka wanazaliwa Kagera watoto wenye sindromu ya Down wapatao 90 au 100, wametawanyika kuanzia Bukoba hadi Biharamulo na Ngara. Karibu nusu ya watoto wa aina hii huja duniani na kasoro ya moyo. Upasuaji wake upo katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, na katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015, safari ambazo kwa familia ya kijijini Muleba si jambo dogo, na wapo wasioufikia umri wa darasa la kwanza kwa sababu hiyo. Wanaobaki ni wachache kwa kila kata, lakini hakuna kata inayoweza kujihakikishia kuwa haina hata mmoja. Idadi ya namna hii, ndogo na iliyotawanyika, yenyewe ni hoja: huwezi kuikusanya mahali pamoja bila kuwaondoa watoto majumbani kwao.

Mwalimu wa darasa la kwanza anahitaji kujua mambo machache kuhusu mwili wa mtoto huyu kabla ya kufikiria akili yake. Masikio ndiyo ya kwanza. Njia zake za sikio ni nyembamba, na nyuma ya ngoma ya sikio hujaa ute mara kwa mara, hivyo usikivu wake hupanda na kushuka. Leo anaitika, wiki ijayo haitiki, na mwalimu asiyejua anaandika kuwa ni mkaidi. Macho ndiyo ya pili, na hapa kuna jambo ambalo hata wataalamu walichelewa kuligundua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff, Wales, wakiongozwa na Margaret Woodhouse, walionyesha kwamba takriban robo tatu ya watoto wenye sindromu ya Down hushindwa kulenga vizuri kitu kilicho karibu. Mtoto anaona ng'ombe aliye ng'ambo ya shamba, ila daftari lililo mbele yake ni ukungu. Miwani ya kawaida ya kuonea mbali haimsaidii. Miwani yenye sehemu mbili, ya mbali juu na ya karibu chini, iliwasaidia watoto wengi katika utafiti huo. Wakati jozi kama hiyo inatafutwa, kuna jambo lisilogharimu chochote: mwandikie kwa kalamu nene nyeusi, herufi kubwa, mistari iliyoachana. Penseli iliyofifia kwenye karatasi ya kijivu ni sawa na kumpa ukurasa mtupu kisha ukamlaumu kwa kutosoma.

Ukishayajua hayo, swali la anajifunzaje linakuwa jepesi zaidi. Kumbukumbu yake ya mambo aliyoyasikia ni fupi, kwa hiyo agizo lenye hatua nne, toa daftari, andika tarehe, piga mstari, nakili zoezi, humfikia likiwa limebaki hatua moja. Anaelewa mengi kuliko anayoweza kuyatamka. Na anajifunza kwa macho vizuri zaidi kuliko kwa masikio. Jambo hili la mwisho lilianza kuchunguzwa kwa dhati mwaka 1980, pale baba mmoja Mwingereza, Leslie Duffen, alipomwandikia mwanasaikolojia Sue Buckley wa Portsmouth akimweleza kwamba bintiye Sarah, mwenye sindromu ya Down, alijifunza kusoma tangu akiwa na miaka mitatu, na kwamba kusoma ndiko kulikomfundisha kuongea. Tumezoea kudhani mtoto husema kwanza, kusoma kuje baadaye. Kwa wengi wa watoto hawa neno lililoandikwa ndilo linalofungua mdomo, kwa kuwa maandishi yanakaa palepale yakisubiri huku sauti ikipita na kupotea.

Darasani jambo hilo linafanyika hivi. Chukua karatasi ya manila, au boksi la sabuni kama manila hakuna, kata kadi sita. Tatu ziandikwe kwa kalamu nene maneno ambayo mtoto anayajua nyumbani: ndizi, maji, mama. Tatu nyingine ziandikwe maneno yaleyale. Siku za mwanzo kazi yake ni kulinganisha tu: aweke ndizi juu ya ndizi. Hatamki kitu, na akikosea unamwongoza mkono bila kumwambia amekosea. Akizoea, mweke kadi mbili mbele yake umwombe akupe ile ya maji, sasa anachagua. Mwisho kabisa ndipo unamwonyesha kadi na kumwomba ataje. Mbinu yetu ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, huenda kinyume na mpangilio huo, kwa kuwa huanza na sauti na silabi, ba be bi bo bu, yaani inamwingiza kupitia sikio ambalo ndilo dhaifu. Silabi zisitupwe. Maandishi ya Kiswahili yana utaratibu, kila herufi inatamkwa ilivyo, na mtoto mwenye maneno thelathini au arobaini ya kuyatambua kwa macho atakuja kuzifaidi silabi vizuri. Kinachobadilika ni mlango wa kuingilia. Na mwalimu atakayetumia kadi hizo atagundua kwamba hamsaidii huyu peke yake; kila darasa la kwanza lina watoto kadhaa wasio na utambuzi wowote wa kitabibu ambao silabi zimewashinda.

Sheria haina utata mkubwa. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 27, inamtaka mtoto mwenye ulemavu asome katika shule ya kawaida, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalumu. Nafasi hiyo iliyoachwa na sheria ina mantiki. Mtoto kiziwi anahitaji jamii inayotumia lugha ya alama, na akiwa peke yake kati ya wanaosikia hana wa kuzungumza naye. Ndiyo maana shule kama ile ya viziwi ya Tabora, iliyoanza mwaka 1963, zina sababu ya kuwepo, kama ilivyokuwa kwa Buigiri ya wasioona, Dodoma, tangu mwaka 1950. Bukoba nayo ina historia yake katika eneo la Mugeza, ambako jina la Mugeza Mseto limekuwa kielelezo cha mkoa cha watoto wenye ulemavu na wasio nao kusoma pamoja. Lakini mtoto mwenye sindromu ya Down hana lugha yake ya pekee. Lugha anayoihitaji ni hii tunayoongea sote, na ataipata kutoka kwa watoto wanaoiongea vizuri kuliko yeye. Ukimweka na wenzake kumi ambao nao wanahangaika kutamka, umemnyima walimu wake wakubwa.

Kati ya shule maalumu na shule ya kawaida kuna kile tunachokiita kitengo, yaani chumba kimoja au viwili ndani ya uwanja wa shule ya msingi ya kawaida, vyenye mwalimu aliyesomea elimu maalumu. Vitengo vimefanya kazi kubwa nchini na walimu wake wengi wana moyo usio wa kawaida. Ila mara nyingi chumba hicho ndicho kile cha mwisho kabisa, karibu na stoo, na ndani yake yumo mtoto wa miaka saba na kijana wa kumi na sita, mwenye usonji, mwenye kifafa na mwenye sindromu ya Down, wote kwa mwalimu mmoja. Wanakutana na shule nzima mstarini asubuhi na kwenye foleni ya uji. Katika takwimu wanahesabiwa kuwa ni elimu jumuishi. Mimi naona ni shule mbili zilizogawana uwanja.

Hoja ya bweni huja na wema mwingi: huko kuna wataalamu, chakula, ulinzi. Kanda ya Ziwa imewahi kuijaribu njia hiyo kwa sababu nzito kuliko hizi. Mauaji ya watu wenye ualbino yalipopamba moto kuanzia mwaka 2007, watoto walikimbiziwa kwenye shule zenye mabweni na uzio, Buhangija kule Shinyanga na Mitindo kule Misungwi zikiwa maarufu zaidi. Hakuna mwenye haki ya kuwalaumu waliofanya hivyo. Watoto walikuwa wanauawa. Lakini hatua ya dharura ikawa maisha. Wapo watoto ambao likizo zilifika na hakuna aliyekuja kuwachukua, wakakua bila kulijua boma la baba yao, na kuwaunganisha upya na familia kukawa kazi ngumu kuliko ilivyokuwa kuwatenganisha. Mtoto mwenye sindromu ya Down hawindwi na mtu. Hakuna dharura inayodai aondolewe kwenye kibanja cha kwao, kati ya migomba na mibuni, ambako mambo mengi atakayoyahitaji ukubwani, kupalilia, kuchuma kahawa, kuuza gengeni, kusalimia wakubwa, yanafundishwa bure kila siku.

Tuje kwenye ushahidi wa kulinganisha. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Buckley na wenzake waliwapima vijana 46 wenye sindromu ya Down katika jimbo la Hampshire, Uingereza. 18 walikuwa wamesoma shule za kawaida na 28 shule maalumu. Kilichoufanya utafiti huo uwe na nguvu ni kwamba kwa kiasi kikubwa mtoto alikwenda shule ya aina fulani kutokana na mahali familia ilipoishi, si kwa sababu alikuwa mwerevu zaidi. Waliosoma shule za kawaida walikuwa mbele kwa zaidi ya miaka miwili katika lugha ya kuongea, na kwa zaidi ya miaka mitatu katika kusoma na kuandika. Katika kujihudumia, kuvaa, kula, kuoga, hapakuwa na tofauti ya maana, na hili lijibu dai kwamba shule maalumu ndiyo pekee inayofundisha stadi za maisha. Sehemu moja ilikwenda upande wa pili: waliokuwa shule maalumu walikuwa na nafuu katika urafiki wa karibu. Wanaopigania elimu jumuishi hupenda kuliruka hilo. Halifai kurukwa, kwa sababu lina dawa: watoto wawili au watatu wenye ulemavu wa akili waandikishwe shule moja ya jirani, wawe na wenzao wa kufanana nao na wenzao wengine wengi, badala ya kumtupa mmoja peke yake kati ya mia nane. Na kuna jambo lingine la kukiri kuhusu Hampshire. Watoto wale walikuwa na wasaidizi wa darasani, watu wazima waliokaa nao sehemu kubwa ya siku. Ushahidi huo, basi, unazungumzia kujumuishwa pamoja na msaada. Kujumuishwa bila msaada ni kumhifadhi mtoto tu hadi saa nane.

Ndiyo maana pingamizi la kwanza la walimu ni zito na lisijibiwe kwa kaulimbiu. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, madarasa ya chini yamefurika, na mwalimu mwenye watoto themanini au mia moja hawezi kukaa na kadi sita mbele ya mtoto mmoja. Italia, iliyofuta madarasa ya kutenga kwa sheria namba 517 ya mwaka 1977, iliweka sambamba na hilo kikomo cha wanafunzi 20 katika darasa lenye mtoto mwenye ulemavu. Sisi hatutafika ishirini karibuni. Tunachoweza kufanya ni kubadilisha kazi ya mwalimu ambaye tayari tunaye. Mwalimu wa kitengo, pengine aliyesomea chuo cha Patandi, Arusha, asifungiwe kwenye chumba cha mwisho. Asubuhi, vipindi vya kusoma na kuhesabu, aingie darasa la kwanza na la pili akiwa mwalimu wa pili. Kile chumba chake kibaki mahali pa nusu saa ya kazi ya mmoja mmoja, kadi, matamshi, kuhesabu kwa vizibo, kisha mtoto arudi kwa wenzake. Hilo linahitaji mwalimu mkuu anayejua kupanga ratiba, halihitaji bajeti mpya. Shule zisizo na kitengo zina walimu wa kujitolea, vijana waliohitimu vyuo wakisubiri ajira, ambao wazazi huwachangia posho; wiki mbili za mafunzo ya kadi, masikio na macho zingemfanya mmoja wao awe na faida kuliko kumwongeza kwenye foleni ya kusahihisha madaftari. Tanzania ilishawahi kutumia walimu wa kuzunguka kwa watoto wasioona na wenye uoni hafifu, mwalimu mmoja akizipitia shule kadhaa. Utaratibu uleule unawafaa hawa.

Pingamizi la pili husemwa kwa sauti ya chini: atatushushia wastani. Baraza la Mitihani, NECTA, liliacha mwaka 2023 kutangaza shule na wanafunzi waliofanya vizuri zaidi, lakini wastani wa ufaulu bado ndio unaozungumzwa kwenye vikao vya elimu, na mwalimu mkuu anayeitwa kujieleza hatakumbuka kifungu cha 27. Kwa upande wa wanafunzi wengine, hofu hiyo haina msingi mkubwa. Mwaka 2007 Afroditi Kalambouka na wenzake wa Manchester walikusanya tafiti 26 zilizoangalia maendeleo ya wanafunzi wasio na ulemavu waliosoma pamoja na wenye mahitaji maalumu; asilimia 81 ya matokeo yalionyesha faida au kutokuwepo tofauti. Kwa upande wa mtoto mwenyewe, suluhisho ni la kiutawala: Taasisi ya Elimu Tanzania imeandaa mihtasari ya wanafunzi wenye ulemavu wa akili, na maendeleo yake yapimwe kwa mihtasari hiyo, nje ya wastani wa shule. Halmashauri inayomhesabu kwenye wastani ule ule na kisha kushangaa kwa nini walimu wakuu hawamwandikishi, imejitegea mtego yenyewe.

Muleba inaongeza ugumu wake. Sehemu ya wilaya ni maji. Bumbire, Goziba, Ikuza na visiwa vingine vina vijiji vya wavuvi wanaohamahama kufuata dagaa na sangara, na njia ya kwenda bara ni mtumbwi wa injini na hali ya hewa. Ukijenga shule maalumu Muleba mjini umemjengea mtoto wa mjini na wa kando ya lami iendayo Bukoba. Wa kisiwani ataipata kwa kuhama tu. Huko, pamoja na shule shikizi za vitongoji vya mbali, mwalimu wa kuzunguka ndiye njia pekee inayoingia akilini, akifika kwa siku zilizopangwa na kumwachia mwalimu wa darasa kazi ya wiki mbili ndani ya bahasha. Zanzibar, ambayo nayo ni visiwa, ilianza mapema kuliko bara: katika miaka ya mwanzo ya 2000 chama cha ZAPDD, kinachounganisha watu wenye ulemavu wa akili na wazazi wao, kilishirikiana na Wizara ya Elimu na chama cha aina hiyo cha Norway, NFU, kuanzisha elimu mjumuisho katika shule za kawaida, wizara ikawa na kitengo chake cha kuisimamia. Tofauti kubwa ninayoiona ni nani aliyesukuma. Kule wazazi walikuwa mezani tangu siku ya kwanza. Kwetu mara nyingi mzazi huitwa kusaini fomu.

Kuna ushauri mmoja unaotolewa kwa wazazi wa Kagera ambao ungefaa kuachwa: kwamba waache kumsemesha mtoto Kihaya ili Kiswahili kisimchanganye. Mwaka 2005 Elizabeth Kay-Raining Bird na wenzake nchini Kanada waliwalinganisha watoto wenye sindromu ya Down wanaokua na lugha mbili na wale wa lugha moja. Lugha ya pili haikuwapunguzia uwezo katika ile ya kwanza. Mtoto aliyenyang'anywa Kihaya amenyang'anywa bibi yake na nusu ya maongezi ya jikoni, wakati maongezi ndiyo anayopungukiwa.

Mama wengi wana hofu ambayo hawaitaji mbele ya kamati ya shule, nayo ni usalama wa binti. Wana haki ya kuogopa. Uchambuzi uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2012, uliotegemea zaidi tafiti za nchi tajiri, ulikuta watoto wenye ulemavu wa akili au wa afya ya akili wakiwa na uwezekano mara 4.6 zaidi wa kufanyiwa ukatili wa kingono. Wengine hutoa jibu la bweni na uzio. Lakini mhalifu hutafuta mtoto asiyeweza kusema na asiye na wa kumwamini, na bweni linaongeza usiku mwingi mbali na mama. Ulinzi wa karibu ni wa namna nyingine: atembee na ndugu au jirani wa darasa moja, afundishwe kwa picha majina ya viungo vya mwili na kusema hapana, choo cha wasichana kiwe na komeo la ndani, na mwalimu wa kike anayejulikana kwake awe na namba ya Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Kufundisha lugha, kwa binti huyu, ni sehemu ya kumlinda.

Fedha zipo kiasi gani? Ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa msingi iliwekwa Sh 10,000 kwa mwaka, na hiyo haimlipi msaidizi hata wiki. Lakini fedha za majengo zimekuwa zikija kwa mafungu makubwa. Mwaka 2021 mpango wa UVIKO-19 wa Sh trilioni 1.3 ulijenga vyumba vya madarasa 15,000 nchini kwa miezi michache. Baadaye ukaja mradi wa BOOST kwa shule za msingi. Na Bukoba yenyewe, baada ya tetemeko la Septemba 10, 2016, iliona shule ya sekondari ya Ihungo ikijengwa upya kwa msaada wa Serikali ya Uingereza. Kila mara ramani huja imekamilika na mjadala huanza kuta zikiwa zimesimama. Madai yenyewe ni madogo: dari katika madarasa yote ya awali, la kwanza na la pili kabla ya marumaru za ofisi ya mwalimu mkuu, ubao usiong'aa, madirisha yasiyompiga mwalimu mwanga wa nyuma, kwa sababu mtoto asiyesikia vizuri husoma midomo na uso uliowekwa kivuli hausomeki, na chumba kidogo cha kazi ya mmoja mmoja kiwe katikati ya madarasa.

Majengo, hata hivyo, hayamtafuti mtoto. Uandikishaji wa awali na darasa la kwanza huanza Oktoba na shule hufunguliwa Januari, na mtoto mwenye sindromu ya Down ndiye mtoto mwenye ulemavu wa akili aliye rahisi kuliko wote kutambulika mapema, kwa kuwa mkunga huiona hali hiyo usoni siku ya kuzaliwa. Kadi ya kliniki ya mama na mtoto inaweza kubeba alama hiyo miaka mitano kabla. Kinachokosekana ni taarifa kutoka zahanati kufika kwa Afisa Elimu Kata, kwa idhini ya mzazi, ili mwalimu mkuu ajue mwaka mmoja kabla kwamba atampokea, apeleke ombi la kupimwa masikio na macho, na mwalimu wa awali apate muda wa kutengeneza kadi. Kwa sasa mama anafika shuleni Januari na mtoto mgongoni au mkononi, dawati zimejaa, na anaambiwa arudi mwakani, akikomaa.